Anayekaa Nyuma na Mgonjwa

Chini ya kiti cha dereva palikuwa na sanduku. Ndani yake mlikuwa na chupa ya brandi ya karibu lita moja, mikanda miwili ya kubana mshipa unaovuja damu, bendeji nusu dazeni, sponji ndogo nusu dazeni, vibao vya kufungia mfupa uliovunjika, vipande vya blanketi kuukuu, na kichupa cha dawa ya chuma ya kugandisha damu. Nyuma kulikuwa na machela, na kwa ajili ya mgonjwa aliyechanganyikiwa, pingu na koti la kufunga mikono. Farasi mmoja akavuta. Hivyo ndivyo gari la wagonjwa la Hospitali ya Bellevue lilivyotoka langoni mwaka 1869, na New York ikaanza kuwa na huduma ya dharura.

Jambo jipya halikuwamo sandukuni. Lilikuwa kijana aliyeketi nyuma ya gari, ameshika mkanda wa ngozi asije akatupwa barabarani kona inapokatwa. Alikuwa daktari wa hospitali, ingawa ndiyo kwanza ametoka chuoni. Kabla ya hapo, mtu aliyegongwa na behewa katika mitaa ya Manhattan alibebwa na yeyote aliyekuwa karibu: polisi, mwenye mkokoteni, ndugu zake. Akifika hospitali yu hai, ndipo tiba ilipoanza. Bellevue iliipindua kanuni hiyo, tiba ikamfuata mgonjwa alipoangukia.

Aliyeleta wazo hilo, Edward Dalton, alilipata vitani. Huko Ulaya, Dominique Larrey, daktari wa jeshi la Napoleon, alikuwa ameshaunda magari mepesi ya kuokota majeruhi huku mapigano yakiendelea. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Jonathan Letterman aliyapa magari ya majeruhi ya jeshi la Potomac watu wake maalumu mwaka 1862, watu wasioazimwa kubeba unga wala risasi, na mwaka 1864 Bunge likaufanya mpango huo kuwa sheria ya jeshi zima. Mwanzoni mwa vita madereva wengi walikuwa raia wa kukodi, na mizinga iliponguruma baadhi yao waligeuza farasi wakatokomea. Dalton alikuwa daktari katika jeshi hilo na alisimamia hospitali kubwa za uwanjani. Aliporudi uraiani akaingia katika bodi ya afya ya New York, na fikra alizotoka nazo vitani akazileta mjini: gari liwe na wenyewe, wenyewe wawe na amri yao, na ndani yake awemo mtu anayejua kutibu.

Wito ulifika kwa telegrafu kutoka vituo vya polisi. Kengele ilipolia katika zizi la Bellevue, matandiko yaliyoning'inizwa darini yalishushwa juu ya mgongo wa farasi, ufundi ule ule wa zimamoto, na gari likawa njiani kabla dakika haijaisha. Mwaka 1870 magari hayo yalihudumia wito 1,401. Miaka 21 baadaye wito ulikuwa 4,392. Hospitali binafsi za hisani ziliona zinapitwa. Gari linalokimbia mitaani kwa kengele, limeandikwa jina la hospitali ubavuni, lilikuwa tangazo lisilolipiwa, na wagonjwa waliookotwa walikuwa darasa kwa madaktari wanafunzi. Nazo zikanunua magari yao, na jiji likagawanywa vipande vipande, kila hospitali na mtaa wake.

Naomba msomaji aukumbuke mgawanyo huo. Uliwekwa enzi za farasi, na alama zake zipo mpaka leo: sehemu kubwa ya magari yanayoitikia simu za 911 New York, karibu theluthi moja, si mali ya jiji. Ni ya hospitali binafsi, yanaendeshwa na watumishi wao, ila yanapokea amri kutoka chumba kimoja cha mawasiliano pamoja na magari ya serikali. Mgeni akisimama Manhattan na kuona magari mawili ya rangi tofauti yakikimbilia nyumba moja, asidhani ni mashindano.

Kiti kile cha nyuma kilikuwa cha vijana wa kiume peke yao. Mwaka 1901 Emily Dunning, aliyehitimu udaktari Chuo Kikuu cha Cornell, alifanya mtihani wa kuingia Hospitali ya Gouverneur, upande wa mashariki ya chini ya Manhattan, mahali palipojaa wahamiaji maskini wa Kiyahudi, Kiitalia na Kiayalandi. Alifaulu vizuri, akakataliwa. Akarudi mtihanini mwaka uliofuata, na safari hii hawakupata pa kumkatalia. Mwanzoni mwa 1903 alipanda gari akiwa daktari mwanamke wa kwanza wa magari ya wagonjwa. Madaktari wenzake walimpangia zamu za kumkomoa, usiku juu ya usiku, wakitumaini ataacha mwenyewe. Hakuacha. Polisi na wakazi wa mtaa walimzoea upesi kuliko waliokula naye meza moja. Alimaliza muda wake, na mwaka 1950, akitumia jina la ndoa la Barringer, akachapisha kumbukumbu zake. Miaka miwili baadaye zikatengenezwa kuwa filamu.

Magari ya umeme yakaja mwanzoni mwa karne ya 20, kisha ya petroli. Juu ya hayo sina la kusema zaidi ya kwamba farasi walistaafu. Daktari alibaki nyuma.

Kilichomwondoa ni Vita Kuu ya Pili. Jeshi lilihitaji madaktari, hospitali za New York zikabaki na wachache, na wa kwanza kushushwa garini walikuwa hao vijana. Ilikusudiwa kuwa dharura ya vita tu. Vita vikaisha mwaka 1945, madaktari wakarudi nyumbani, lakini kiti hawakukirudia. Akawekwa mhudumu aliyejua kunyanyua machela, kufunga bendeji na kumpa mgonjwa oksijeni. Kwa miaka 20 na zaidi, jiji lililokuwa na baadhi ya hospitali bora kuliko zote duniani lilikuwa likiwaendea wagonjwa wake na watu wasiofundishwa mengi zaidi ya hayo. Na New York ilikuwa na nafuu. Katika miji mingi ya Marekani huduma hiyo ilikuwa mikononi mwa wenye maduka ya majeneza, kwa sababu rahisi tu: wao ndio waliokuwa na gari refu linaloweza kulaza mtu. Asubuhi lilibeba maiti, jioni likambeba majeruhi, na mwenye gari hakupata hasara kwa vyovyote mambo yangekwendavyo.

Mwaka 1966 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilitoa ripoti iliyoyasema haya waziwazi. Ajali za mwaka 1965 zilikuwa zimeua watu 107,000 nchini humo, na karibu nusu ya huduma za magari ya wagonjwa ziliendeshwa na wazikaji. Waandishi waliwataja wataalamu waliorudi kutoka vitani na kusema kwamba mtu aliyejeruhiwa vibaya ana nafasi kubwa zaidi ya kupona akiwa uwanja wa mapambano kuliko akiwa katika barabara ya kawaida ya mjini. Askari aliyepigana Vietnam alikuwa na helikopta na mtu wa tiba kando yake. Mwenye gari aliyepinduka barabarani alikuwa na mfanyabiashara wa majeneza.

Mwaka huo huo, huko Belfast, Frank Pantridge wa Hospitali ya Royal Victoria alipakia mashine ya kushtua moyo ndani ya gari pamoja na daktari na muuguzi, akaanza kuwafuata wagonjwa wa moyo majumbani kwao. William Grace wa Hospitali ya St. Vincent's, mtaa wa Greenwich Village, akaliiga jambo hilo, na mwaka 1968 gari lake la moyo likawa la kwanza la aina hiyo Marekani. Lilifanya kazi vizuri, na papo hapo likaonyesha lilipokwama. Kila gari la namna hiyo linahitaji daktari, na madaktari wa kutosha kukaa garini saa 24 katika jiji la watu karibu milioni 8 hawakuwepo, wala hawangepatikana. Nani basi akae nyuma?

Kwa jibu inabidi tutoke New York kidogo, twende Pittsburgh.

Huko, katika mtaa wa Hill District walipoishi Wamarekani weusi wengi, mgonjwa alibebwa na gari la polisi. Polisi wawili walimtupia nyuma na kupanda mbele wote wawili. Peter Safar, daktari wa usingizi aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa mbinu ya kupumulia mtu mdomo kwa mdomo, alikuwa akitafuta namna ya kuwafundisha watu wasio madaktari. Mwaka 1966 alifiwa na binti yake mdogo kwa pumu. Mwaka huo huo David Lawrence, aliyepata kuwa meya wa jiji na gavana wa jimbo, alianguka akihutubia, akafikishwa hospitali kwa gari la polisi akiwa ameshakosa hewa mno, na hakuzinduka. Mwaka uliofuata Safar akaungana na shirika la mtaani lililoitwa Freedom House. Wakawachukua vijana weusi wasio na kazi, baadhi yao hawakumaliza sekondari, wengine wametoka jeshini, wakawafundisha kwa miezi, saa 300 na zaidi: maumbile ya mwili, njia ya hewa, moyo, kuzalisha, kuendesha gari. Kisha wakawapeleka mitaani.

Vijana wale walikuwa wazuri kuliko polisi kwa mbali, na walikuwa wazuri hata katika kazi ambazo kabla yao ziliachiwa madaktari peke yao. Mwaka 1974 daktari kijana, Nancy Caroline, aliwekwa kuwasimamia. Alipanda magari nao usiku, akalala kituoni, akawasahihisha, na yale waliyojifunza pamoja yakawa msingi wa mtaala wa taifa wa paramediki aliokabidhiwa kuuandika na serikali ya Marekani. Mwaka 1975 jiji la Pittsburgh likaanzisha huduma yake na kuifunga Freedom House. Wengi wa wale waliouthibitisha mtaala waliambiwa ghafla kwamba hawana vyeti vya kutosha, na wakatolewa mmoja mmoja. John Moon alikuwa miongoni mwa wachache waliostahimili, akapanda ngazi hadi kuwa naibu mkuu wa huduma hiyo. Caroline aliondoka Pittsburgh, na katika miaka ya 1980 akafanya kazi na shirika la AMREF mjini Nairobi. Kitabu chake cha kufundishia paramediki kiliendelea kutumika madarasani hata baada ya kifo chake mwaka 2002, na wanafunzi wengi waliokisoma hawajui kwamba kurasa zake zilijaribiwa kwanza na vijana wa Hill District.

Turudi New York. Mwezi Julai 1968 jiji lilianza kutumia namba 911, miezi michache baada ya namba hiyo kupigwa kwa mara ya kwanza katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama. Mwaka 1970 hospitali za umma zilikabidhiwa kwa shirika jipya la jiji, na magari ya wagonjwa yakaenda humo. Wale wabeba machela wa zamani walianza kufundishwa upya na kupewa cheti na cheo, na katikati ya muongo huo, Bronx, wakatokea paramediki wa kwanza wa jiji: watu wasio madaktari wanaoruhusiwa kusoma mchoro wa moyo, kushtua moyo, kupitisha bomba kooni na kumdunga mgonjwa dawa mshipani.

Mpango uliozaliwa wakati huo ndio uliopo, na inafaa kueleza unavyokwenda, maana ndani yake ndimo tabia ya jiji inapoonekana. Kuna magari ya aina mbili. La kwanza ni la wahudumu wawili wa tiba ya msingi: oksijeni, kuzuia damu, kufunga mifupa, kufufua kwa mikono na kwa mashine inayojiongoza, kuzalisha. La pili ni la paramediki wawili, ambao wamesoma saa zaidi ya elfu moja juu ya zile za msingi. Miji mingi ya Marekani humchanganya paramediki mmoja na mhudumu mmoja ili kupunguza gharama. New York imeshikilia wawili wawili, kwa hoja kwamba mgonjwa mahututi anahitaji vichwa viwili vinavyobishana. Paramediki wakifika mahali ambapo kanuni haziwaruhusu kuendelea wenyewe, humpigia daktari aliye zamu, wakamsomea hali ya mgonjwa, naye akatoa au akanyima ruhusa. Daktari aliyeshushwa garini wakati wa vita amerudi, ila amerudi kwa sauti.

Anayepiga 911 hupokewa kwanza na opereta wa polisi. Akisema kuna mgonjwa, huunganishwa na mpokeaji wa upande wa tiba, anayeuliza kwa mpangilio: yupo wapi hasa, ana fahamu, anapumua? Majibu hugeuka kuwa daraja. Moyo uliosimama na mtu aliyekabwa na chakula ni daraja la kwanza, na kwa hao hutumwa gari la msingi, gari la paramediki na gari la zimamoto kwa pamoja. Kifundo cha mguu kilichoteguka hungoja zamu yake. Kila gari lina jina fupi la namba na herufi; namba ni eneo, herufi za mwanzo wa alfabeti ni za wahudumu wa msingi, za mwisho ni za paramediki, na namba ya mwisho ni zamu, ya usiku, ya mchana au ya jioni. Mwenye masikio ya kazi hiyo akisikia jina tu redioni anajua nani anakwenda, anatoka wapi, na kama ana dawa za moyo.

Jambo ambalo wageni hawalijui ni kwamba magari haya hayakai kituoni. Wazimamoto wana nyumba yao: vitanda, jiko, televisheni, sufuria ya mchuzi wa pamoja. Wahudumu wa wagonjwa wana kona ya barabara. Kompyuta imehesabu wito wa miaka iliyopita na kuamua kwamba gari fulani likingoja kwenye makutano fulani litafika haraka zaidi, kwa hiyo hapo ndipo linapongoja, injini ikiunguruma, baridi ya Januari au joto la Julai. Chakula huliwa kwenye kiti. Choo ni hisani ya mwenye mgahawa. Mara nyingi sandwichi haijafika nusu kabla redio haijaita jina. Kitakwimu mpango huu hauna kosa. Lakini mwanadamu akikalishwa kwenye kiti cha gari saa 8 kwa siku, miaka nenda rudi, mgongo wake nao una takwimu zake.

Miaka ya 1980 ilikaribia kuuvunja mpango wenyewe. Ukimwi uliingia, na wahudumu waliokuwa wakigusa damu kwa mikono mitupu wakaanza kuvaa glavu. Kokeini ya mawe iliingia, bunduki zikafuata, na mwaka 1990 watu waliouawa mjini walizidi 2,000. Magari hayakutosha, na uchache huo haukugawanywa sawa. Katika mtaa wa Bedford-Stuyvesant, Brooklyn, wakazi weusi walikuwa wamezoea kusubiri mpaka majirani wakate tamaa. James Robinson, aliyeitwa Rocky, alikuwa mfanyakazi wa huduma hiyo hiyo ya jiji, kwa hiyo ucheleweshaji huo aliujua kutoka ndani. Mwaka 1988 yeye na Joe Perez wakaanzisha kikosi cha kujitolea katika jengo bovu lililokuwa kijiwe cha walevi wa dawa za kulevya. Hawakuwa na gari. Walisikiliza wito kwenye redio, wakabeba begi na mtungi wa oksijeni, wakaenda mbio kwa miguu, na mara kadhaa walikuwa wa kwanza kufika. Vijana wengi wa mtaani waliofundishwa pale walikuja kuajiriwa na jiji. Wayahudi wa Williamsburg walikuwa na kikosi chao cha kujitolea, Hatzolah, tangu miaka ya 1960, kilichotokana na malalamiko yale yale ya kusubiri.

Tarehe 17 Machi 1996, chini ya Meya Rudy Giuliani, huduma ya magari ya wagonjwa iliondolewa kwenye shirika la hospitali na kuingizwa Idara ya Zimamoto. Hesabu ilikuwa nyepesi kuieleza. Moto ulikuwa umepungua sana tangu miaka ya 1970 Bronx ilipoteketea mtaa kwa mtaa. Wagonjwa walikuwa wameongezeka. Na zimamoto ina vituo kila upande, ikiwa na watu wenye nguvu walioketi wakisubiri. Wafundishwe huduma ya kwanza, wapewe mashine ya moyo, wafike dakika mbili tatu kabla ya gari la wagonjwa. Kwa upande huo mpango ulifaulu, na mtu ambaye moyo wake umesimama hajali anayembonyeza kifua amevaa kofia gani.

Lakini ndoa hiyo ilikuwa ya mke mdogo asiyekaribishwa jikoni. Zimamoto ya New York ni ukoo. Baba, mjomba na babu wamevaa koti lile lile, na kwa muda mrefu ukoo huo ulikuwa wa wanaume weupe. Upande wa magari ya wagonjwa wengi si weupe, na wanawake ni wengi kuliko ilivyo upande wa pili. Walipewa nembo ya idara. Hawakupewa mishahara yake, wala likizo yake ya ugonjwa isiyo na kikomo, wala heshima yake.

Asubuhi ya tarehe 11 Septemba 2001 magari yao yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kufika kwenye minara ya World Trade Center iliyoshambuliwa. Kati ya watumishi 343 wa Idara ya Zimamoto waliokufa siku ile, wawili walikuwa paramediki: Carlos Lillo na Ricardo Quinn. Mke wa Lillo alikuwa akifanya kazi ndani ya mnara mmojawapo, alitoka salama. Walikufa pia wahudumu wa dharura wa hospitali na kampuni binafsi, ambao hawamo katika hesabu ya 343, na hiyo ndiyo sababu vitabu vingi huwasahau. Mgawanyo wa enzi za farasi uliwafuata hata kaburini.

Majira ya kuchipua ya 2020, korona ilipoingia, yalikuwa jaribio la namna nyingine. Kwa kawaida jiji lilipokea simu za wagonjwa kama 4,000 kwa siku. Mwishoni mwa Machi zilivuka 6,000, kiwango ambacho hata siku ile ya Septemba haikufikia. Moyo baada ya moyo ulisimama majumbani, ghorofa ya tano isiyo na lifti, na wahudumu walipanda ngazi wakiwa wamevaa barakoa ile ile kutwa nzima. Aprili ikaja amri mpya: mtu mzima ambaye moyo wake hauwezi kurudishwa pale alipo asipelekwe hospitali, maana huko hakuna kitanda wala mkono ulio huru. Kwa hiyo mhudumu aliyezoea kusema "tumempeleka" sasa alilazimika kuwageukia ndugu sebuleni na kuwaambia yamekwisha. Serikali kuu ilituma magari 250 kutoka majimbo mengine. Saa moja jioni wakazi walisimama madirishani kupiga makofi. Karibu robo ya wahudumu waliugua au kujitenga, na waliobaki walifanya zamu mbili.

Makofi yakaisha. Tarehe 29 Septemba 2022 Luteni Alison Russo, aliyekuwa kazini miaka 24 na aliyefika kwenye minara mwaka 2001, alichomwa kisu akauawa mtaa mmoja na kituo chake Astoria, Queens, alipotoka kutafuta chakula. Kituo hicho ni namba 49, kituo alichotoka Carlos Lillo. Miaka mitano kabla, mhudumu Yadira Arroyo, mama wa watoto watano, aliuawa Bronx kwa kukanyagwa na gari lake mwenyewe la wagonjwa lililoporwa. Idara ilimzika kila mmoja kwa heshima zote, na bendi ya zumari.

Wakati Russo anauawa, mhudumu wa msingi alikuwa akianza kazi kwa mshahara wa dola 39,000 hivi kwa mwaka, katika jiji ambalo kodi ya chumba na sebule hula zaidi ya nusu ya fedha hizo. Mzimamoto mwenye miaka mitano na ushei alikuwa amevuka dola 85,000 kabla ya kuhesabu saa za ziada. Ndiyo maana vijana wengi huenda Fort Totten, kwenye chuo cha wahudumu, jicho likiwa mahali pengine. Hufanya kazi garini miaka michache, wakaiva, wakajua kusikiliza pafu na kumtuliza mzee kwa lugha yake, kisha wakaketi kwa mtihani wa ndani unaowaruhusu kuhamia kwenye gari la moto. Mamia hupita kila mara unapofanyika, na viti vyao vya nyuma hujazwa na waliotoka darasani juzi. Katika nyaraka za jiji la New York, mtihani huo wa kumwacha mgonjwa na kwenda kushika mpira wa maji huitwa mtihani wa kupandishwa cheo.